Taya la mdogo wangu lilikaza akiwa nusu kaputi. Na mimi naingia thieta mwezi ujao, niseme nini?

Kifunguamimba

Wakuu, habari za muda huu. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba mwenye uelewa anisaidie. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Mwaka jana mdogo wetu wa mwisho, kijana wa miaka 19, mcheza mpira, hajawahi kulazwa hata siku moja, alishikwa na tumbo usiku. Ikaonekana ni kidole tumbo, kinatakiwa kutolewa usiku uleule. Tukaambiwa ni shughuli ya saa moja. Mimi na mama tukakaa kwenye benchi la korido. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mara mlango ukafunguka, muuguzi akatoka mbio, akarudi na beseni la barafu. Hazikupita dakika nyingi akatoka mwingine, naye barafu. Mama akaniuliza, "Barafu ya nini tena kwa mtu wa tumbo?" Sikuwa na jibu.

Alitolewa alfajiri akapelekwa chumba cha mahututi, akakaa siku nne. Nilipoingia kumwona, mashine hazikunitisha sana. Kilichonitisha ni mfuko wa mkojo uliokuwa unaning'inia pembeni ya kitanda: rangi ya kahawa nyeusi. Alipozinduka alilalamika mapaja, mabega na taya, kama mtu aliyepigwa na watu kumi. Wiki mbili nzima alikuwa anashuka kitandani kwa kushikwa mkono.

Karatasi ya kuruhusiwa ina mstari mmoja: "homa kali baada ya upasuaji, imetibiwa." Basi. Kuna daktari alimwambia mama, tena huku anatembea, kwamba taya la kijana liligoma kufunguka pale mwanzoni, na siku nyingine akipasuliwa aseme ana shida na dawa ya usingizi. Dawa ipi, hakusema.

Tungeishia hapo. Ila mwezi uliopita nimekutwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo, natakiwa kufanyiwa ule upasuaji wa matundu madogo, nusu kaputi. Nilipomweleza mama akanyamaza kitambo, halafu akasema, "Kaka yangu naye hakuamka." Mjomba alifia mezani akiwa na miaka 24. Nilijua alifia hospitalini, sikuwahi kuambiwa kwamba alikwenda kuunganishwa mfupa wa mkono tu.

Nimesoma huku na huku nikakutana na kitu kinaitwa malignanti haipathemia, yaani mwili kuchemka ghafla kwa sababu ya baadhi ya dawa za usingizi, wenyewe wanafupisha MH. Je, kinarithiwa kweli? Mimi nilijifungua kwa upasuaji, nikachomwa sindano ya mgongo, sikupata shida yoyote, kwa hiyo nimeshafaulu? Kuna kipimo? Na kubwa kuliko yote: nikikaa mbele ya daktari wa usingizi nimwambie maneno gani ili asinione mwoga tu?

Simwogopi Mtu

Pole dada, ila punguza kusoma vitu vya mtandaoni. Ukitafuta kikohozi unaambiwa saratani. Mimi nimepigwa nusu kaputi mara mbili na niko hapa naandika. Mjomba wako ni mambo ya zamani, vifaa vilikuwa duni. Mdogo wako kidole tumbo kilikuwa kimeoza, homa lazima. Hebu jibu moja: mama yako aliwahi kupigwa nusu kaputi? Kama aliamka salama, hicho kitu hakimo kwenye damu yenu.

Kifunguamimba

Alitolewa goita kabla sijazaliwa. Nusu kaputi kamili, akaamka vizuri. Ndiyo maana nachanganyikiwa.

Mlinzi wa Usingizi

Simwogopi Mtu, nakuheshimu mkuu, lakini ushauri wa aina hii unaua watu. Mimi ni daktari wa usingizi, huu mwaka wa 14, na MH nimekutana nayo uso kwa uso mara moja. Mara hiyo moja inanitosha.

Nianze na mama. Kuamka salama hakumsafishi. Mwenye MH anaweza kupewa dawa chokozi leo asitikisike, mwakani asitikisike, safari nyingine ikamlipukia. Wengi waliolipukiwa walikwisha kupewa nusu kaputi huko nyuma bila neno. Wastani unaotajwa ni kama mara tatu kabla ya mlipuko. Kurithiwa kunarithiwa. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto wake anarusha shilingi: nusu anaipata, nusu haipati, awe wa kike au wa kiume, ingawa wanaolipukiwa mezani wengi ni wavulana na vijana. Kama mjomba na mdogo wako wote ni MH, basi mama ndiye daraja lililo katikati yao, ameibeba umri wake wote bila kujua. Na wewe uko kwenye nusu kwa nusu.

Sindano ya mgongo usiihesabu. Ganzi haigusi ugonjwa huu kabisa. Hukufaulu mtihani, dada, hukuufanya.

Sasa chokozi ni zipi. Ni gesi zote za usingizi zenye asili ya kimiminika: halotheni, isoflureni, sevoflureni, desflureni. Na dawa moja ya sindano ya kulegeza misuli, suksamethoniamu. Orodha imeishia hapo. Propofoli haimo, ketamini haimo, gesi ya kuchekesha haimo, dawa za maumivu jamii ya mofini hazimo, ganzi ya daktari wa meno haimo. Kwa hiyo "ana shida na dawa ya usingizi" ni maneno yasiyomsaidia mtu. Mgonjwa akiniambia hivyo simwelewi. Akiniambia "gesi na suksamethoniamu" naamka kwenye kiti.

Angalia sasa jinsi kisa cha mdogo wako kinavyojipanga. Mgonjwa wa tumbo la dharura tunamchukulia kuwa tumbo limejaa, tunataka mpira uingie kwenye koo haraka asije akatapika. Suksamethoniamu ndiyo ya kasi kuliko zote. Inatakiwa ilegeze taya, lake likakaza. Hiyo ni kengele. Baada yake inawashwa gesi, na gesi ni chokozi wa pili.

Ndani ya kila uzi wa msuli kuna ghala la kalsiamu. Amri ya neva ikifika, mlango wa ghala unafunguka, kalsiamu inamwagika, msuli unakaza. Mlango unafungwa, pampu zinairudisha ghalani, msuli unalegea. Mlango huo ni protini inayoitwa kipokezi cha rayanodini, na jeni inayoitengeneza ni RYR1, iko kwenye kromosomu ya 19. Familia nyingi za MH kasoro iko hapo. Chache iko kwenye CACNA1S ya kromosomu ya 1, na chache zaidi kwenye STAC3. Mtu anaishi na mlango huo mbovu bila kujua, mpaka gesi iukute: unafunguka na kugoma kufunga. Misuli ya mwili mzima inakaza kwa pamoja, pampu zinahangaika kurudisha kalsiamu isiyokwisha, oksijeni inaliwa, hewa ya kabonidioksidi na asidi zinazalishwa kama moshi wa kiwanda, na joto linapanda. Hapa hata umpe panadoli ndoo nzima haisaidii. Homa ya maambukizi inaagizwa na ubongo. Joto hili linapikwa na misuli yenyewe. Mwishowe seli za misuli zinapasuka. Potasiamu inavuja, nayo ndiyo inayosimamisha moyo. Mayoglobini inavuja, inakwenda kuziba figo. Ile kahawa nyeusi uliyoiona kwenye mfuko ni msuli wa mdogo wako.

Nikusimulie yangu ili ujue daktari wako anaogopa nini. Kijana wa kilo 72, tunamrekebisha goti, yuko kwenye sevoflureni dakika arobaini hivi. Nilikuwa naandika karatasi yangu. Kipimo cha kabonidioksidi anayotoa kilisoma 38. Nikaandika. Nikainua macho, 47. Nikaiongezea mashine pumzi. 55. Nikaongeza tena. 63. Ukizidi kuifukuza hewa na yenyewe inazidi kupanda, maana yake kuna mahali inazalishwa kuliko unavyoitoa. Mapigo 140. Nikashika mkebe wa chokaa ya soda, ile inayonyonya hewa chafu kwenye mashine: wa moto, na chokaa yote imegeuka rangi. Nikainua mkono wa mgonjwa, ukaja mzima kama ubao. Na joto lake wakati huo? Nyuzi 37.4. Jina la ugonjwa ni joto, lakini joto mara nyingi linafika la mwisho. Anayelisubiri ndipo aamini, amechelewa.

Nikamwambia mpasuaji afunge, hii ni MH. Hakuuliza swali, Mungu ambariki. Gesi nikazima, oksijeni tupu kwa kasi ya juu kabisa, propofoli ya mshipa ili kijana asiamke, na dantrolini. Dawa hii ndiyo inayoushika ule mlango. Ilivyo kwenye chupa sasa: unga wa rangi ya machungwa, miligramu 20 tu kwa chupa, na kila chupa inataka mililita 60 za maji safi ya sindano, isiwe dripu ya chumvi wala ya sukari. Dozi ya kwanza ni miligramu 2.5 kwa kila kilo. Piga hesabu: 180. Chupa tisa. Maji zaidi ya nusu lita. Unga wenyewe mgumu kuyeyuka, unatikisa, unaangalia kwenye taa, bado kuna chembe, unatikisa tena. Watu wanne hawakuwa na kazi nyingine pale ndani ila kutikisa chupa. Mwingine barafu, mwingine damu ya kupima potasiamu, mwingine simu. Baada ya dozi ya pili namba zikaanza kushuka, 58, 51, 44, na mkono ukalegea. Sijawahi kupenda namba 44 hivyo. (Siku hizi kuna dantrolini ya miligramu 250 inayoyeyushwa kwa mililita 5 tu. Aliyeitengeneza naamini alishawahi kutikisa zile chupa.)

Hata hapo kazi haikwisha. Barafu unaiondoa joto likishuka kwenye 38 hivi, usije ukampitiliza akawa baridi. Saa 24 za mwanzo lazima zipite chumba cha mahututi, kwa sababu ugonjwa unaweza kuwaka upya mgonjwa akiwa ametulia kabisa, na mkojo unaulinda utoke kwa wingi ili figo zisizibe. Kabla ya dantrolini watu wapatao saba katika kumi walikuwa wanakufa. Inapokuwepo na kuwahiwa, vifo vimeshuka chini ya kumi katika mia.

Kwako wewe: usiahirishe matibabu kwa woga. Nenda ukaombe nakala ya karatasi ya usingizi ya mdogo wako. Ile ya kuruhusiwa iache, siitaki. Nataka karatasi yenye mistari na namba za kila dakika tano, pamoja na majibu ya damu ya siku ile. Ukiipata tuletee namba bila jina.

Tabibu wa Mifugo

Nachomekea moja kutoka upande wetu. Sisi wa wanyama huu ugonjwa tunaujua kwa nguruwe. Kuna koo zilizochaguliwa kwa minofu mingi, Landrace na Pietrain hasa, mnyama akisukumwa kwenye gari au akipigana tu anakakamaa, anachemka, anakufa, na nyama yake inakuwa nyeupe, laini, inachuruzika maji. Wafugaji walikuwa wanawavutisha nguruwe wadogo halotheni kidogo: anayekaza miguu hatumiki kwa mbegu. Mwaka 1991 ikapatikana kasoro yenyewe, herufi moja kwenye RYR1 ya nguruwe. Tofauti ni kwamba kwa nguruwe kwa kawaida inataka itoke kwa baba na mama wote, binadamu anatosheka na mzazi mmoja.

Na hiyo dantrolini aliyoitaja daktari, aliyeonyesha kwamba inatibu hali hii ni Gaisford Harrison wa Cape Town, mwaka 1975, kwa nguruwe. Ya mshipa ikaidhinishwa Marekani kwa binadamu mwaka 1979.

Kovu la Paja

Mimi nimepimwa, kwa hiyo nitajibu lile la kipimo.

Kuna njia mbili, damu na msuli. Mimi nilianza na msuli kwa sababu kwetu hakuna aliyewahi kupimwa chochote. Shangazi yangu ndiye aliyelipukiwa. Unasafiri hadi kwenye maabara yenyewe, maana nyama ikishakatwa inatakiwa ipimwe ikiwa hai, ndani ya saa tano. Huwezi kuituma kwa posta. Na maabara hizo ni chache duniani. Nilichomwa ganzi kwenye neva ya paja, nikiwa macho, nasikia wanaongea. Wakachana mbele ya paja na kuchukua vipande vya msuli vya urefu wa kidole kidogo hivi. Haikuuma wakati ule. Kesho yake ndiyo nilijua. Ngazi nilipanda kama mtoto anayejifunza kutembea, mguu mmoja, kupumzika, mguu mwingine, wiki tatu.

Fundi wa maabara alikuwa mtu mwema, akanieleza. Kipande kinafungwa uzi, kinaning'inizwa ndani ya maji yenye chumvi za mwili, kinashtuliwa na umeme kidogo ili kirukeruke, ishara kwamba bado kizima. Halafu wanakipitishia halotheni kidogo kidogo, na kingine kafeini kidogo kidogo, huku mashine inachora nguvu ya kukaza. Msuli wa kawaida kwa kiwango hicho hautikisiki. Wangu mstari ulipanda kwa vyote viwili. Nilimwomba anionyeshe karatasi. Ni ajabu kuangalia kipande chako kinafanya jambo ambalo lingekuua.

Baada ya hapo ndipo wakachukua damu wakatafuta RYR1 wakapata badiliko ambalo limo kwenye orodha ya yale yaliyothibitishwa kusababisha MH. Hii ndiyo faida kubwa: wanangu wawili hawakuguswa paja, damu tu. Mmoja analo, mwingine hana. Lakini yule asiye nalo tuliambiwa bado tusikimbilie kusema yuko huru, kwa kuwa familia moja inaweza kuwa na zaidi ya badiliko moja. Damu ikikuta badiliko, jibu limepatikana. Isipokuta, haikuondoi kwenye shaka. Anayeweza kukuondoa ni msuli.

Kwa hiyo dada, wa kupimwa kwanza si wewe, ni mdogo wako. Yeye ndiye aliyelipukiwa. Akipatikana na badiliko, nyie wengine mnafuata kwa damu. Kwa kipimo cha msuli atasubiri miezi kadhaa ipite tangu siku ile, misuli ipone kwanza.

Simwogopi Mtu

Nimesoma yote. Narudisha maneno yangu, dada. Ila mbona mnasema kafeini? Ina maana mwenye MH asinywe kahawa?

Kovu la Paja

Nakunywa vikombe vitatu kwa siku. Kafeini ya maabara ni nyingi mno, huwezi kuifikia kwa kikombe, utakufa kwa mambo mengine kwanza.

Kifunguamimba

Samahanini kwa ukimya, nilikuwa nahangaikia hiyo karatasi. Mapokezi walinizungusha siku tatu, mara faili limepelekwa stoo, mara aje mgonjwa mwenyewe. Akaja mwenyewe. Tukaipata.

Mwandiko wa haraka, lakini namba zinasomeka. Suksamethoniamu imeandikwa, halafu pembeni "taya gumu, mpira umeingia kwa shida". Isoflureni. Kabonidioksidi 41, 56, 71, na kuna alama ya mshale "pumzi zimeongezwa". Mapigo 152. Joto 37.9, baadaye 39.6. Potasiamu 6.9. Kipimo kingine kinaitwa CK, siku ya pili yake, 38,000. Halafu kuna neno limeandikwa "MH?" likazungushiwa duara. Kumbe walijua, au walishuku. Dantrolini sijaiona. Kuna oksijeni, barafu, kalsiamu, insulini na sukari, soda ya mshipa.

Huyu bwana mdogo anauliza pia kama aache mpira.

Mlinzi wa Usingizi

Hiyo alama ya kuuliza ndani ya duara ilitakiwa iwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa, kwa herufi kubwa. Hilo ndilo kosa. Mengine yote siwalaumu, tena nawavulia kofia: bila dantrolini, waliizima gesi mapema na wakapigana na potasiamu kwa mkono (kalsiamu inalinda moyo, insulini na sukari zinairudisha potasiamu ndani ya seli). Angekuwa na mtu anayesubiri joto lipande, tungekuwa tunazungumza mengine.

Kuna jedwali la alama tunalolitumia tangu 1994 kupima uzito wa kisa. Taya kukaza baada ya suksamethoniamu, 15. CK (kimeng'enya kinachovuja kwenye damu msuli ukiharibika) zaidi ya 20,000 palipotumika suksamethoniamu, 15. Kabonidioksidi kupita 55 wakati mashine inapumulia vizuri, 15. Joto lisiloelezeka, angalau 10. Mapigo ya kasi, 3. Hiyo ni 58, bado mjomba hajaingia. Ikifika 50 ni daraja la 6, la mwisho kabisa: karibu uhakika. Jedwali halichukui nafasi ya kipimo, lakini kwangu mimi linatosha kubadilisha usingizi wako wewe bila kusubiri maabara yoyote. Kumkwepesha mtu dawa chokozi hakumdhuru, akiwa na MH au asiwe nayo.

Unapokwenda, sema hivi, hata ukisoma kwenye simu: "Mdogo wangu wa tumbo moja alipata MH baada ya suksamethoniamu na isoflureni, hii hapa karatasi yake. Mjomba alifia mezani. Mimi sijapimwa. Naomba nisipewe gesi wala suksamethoniamu." Maneno hayo hakuna daktari wa usingizi atakayeyachukulia ni woga. Atakulaza kwa propofoli ya mshipa mwanzo hadi mwisho, na kama anahitaji kulegeza misuli yako ipo rokuroniamu. Mashine ataiandaa: vikasha vya gesi vinaondolewa, mipira na chokaa vinabadilishwa, inapulizwa oksijeni muda mrefu au inawekewa vichujio vya mkaa. Ndiyo maana omba uwe wa kwanza asubuhi. Muulize pia dantrolini ipo umbali gani kutoka meza yako. Asipokuwa na jibu, uliza kama upasuaji wako unaweza kufanyikia penye jibu. Mawe ya nyongo yasiyo na dharura yanasubiri.

Jambo moja la kwako tu: upasuaji wa matundu unajazwa kabonidioksidi tumboni, kwa hiyo kipimo chako kitapanda kidogo hata bila MH. Asiyejua historia yako atapuuza, anayejua atakodoa macho. Nataka wa pili.

Kuhusu mpira: wengi wenye MH wanacheza na kukimbia maisha yao yote. Acheze. Ila akimaliza mechi ya jua kali akapata misuli kukaza vibaya na mkojo mweusi, au akaanguka kwa joto, asilale nyumbani. Aende hospitalini na aseme neno MH mlangoni.

Halafu msije mkamsahau aliye katikati. Mama naye aandikiwe, pamoja na watoto wa mjomba kama alikuwa nao.

Kifunguamimba

Nimeonana na daktari wa usingizi leo asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kubishana, nikatoa simu nisome. Sikufika hata mstari wa pili, akaninyang'anya karatasi ya mdogo wangu, akaisoma, akaivuta karibu na dirisha akaisoma tena. Akaniuliza, "Hii nani alikwambia uitafute?" Nikamwambia ni watu wa mtandaoni. Akacheka, akaandika juu ya faili langu kwa kalamu nyekundu. Niko wa kwanza, Jumanne. Dantrolini iko kabati la ukutani, mlango wa pili, na chupa amenihesabia mwenyewe: 36.

Mdogo wangu ameandikiwa barua ya rufaa kwa ajili ya vipimo. Mama ameanza kuwapigia watoto wa mjomba, ambao hatujaongea nao miaka. Wa kwanza amekata simu akidhani anaombwa pesa. Kesho anampigia tena.